Gambuti Nyeupe za Bwana Baguma

Mwanangu, iko siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na naomba ukae chini nikusimulie kabla hujarudi kazini kwako. Mama yako alinipitia jana. Aliniambia umepewa ukubwa, sasa ndiwe meneja, na kwamba mwisho wa mwezi huu mnaifunga ofisi ya Nakasero na kuwahamishia watu wote Bukoto, ila watu wenyewe hawajaambiwa. Nikauliza, hawajaambiwa kwa nini? Akanijibu, "Haboba, kijana wako hataki kuwatia wasiwasi. Anataka siku hiyo wapakiwe tu kwenye gari, washukie mbele ya jengo jipya, wafurahi." Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Nilikiweka chini kabla sijakimaliza.

Usicheke, mjukuu wangu. Najua mnasema bibi yenu, Haboba, amezeeka, anaona mashetani hata kwenye kapu la nyanya. Sawa, nimezeeka, meno yangu mengine yanalala kwenye bilauri. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nyoka wangu aliniuma ndani ya kiwanda cha mikate.

Kiwanda chenyewe kilikuwa kule chini penye viwanda, ukiteremka kutoka mjini. Mwenyewe alikuwa Mhindi mmoja mzee aliyeonja mkate wa kwanza kila asubuhi, na ukiwa mbaya alinuna mpaka adhuhuri. Walipofukuzwa Wahindi, naye akaenda na alichoweza kubeba. Kiwanda kikapewa kapteni mmoja wa jeshi ambaye, wallahi, hakujua unga unageukaje kuwa mkate. Watu wa namna hiyo tuliwaita mafuta mingi, kwa jinsi walivyonenepa ghafla. Sisi tuliobaki tukaendelea kuoka, kwa sababu tumbo haliulizi nani amefukuzwa.

Mimi nilikuwa kwenye meza ya kufungasha mikate, msichana mbichi, sijaolewa. Mkubwa wa meza yetu alikuwa Mama Mastura, Mnubi kama mimi, mwanamke mrefu mwenye ulimi usioogopa cheo. Sisi Wanubi tulikuwa na taabu yetu pale. Mababu zetu waliletwa na Waingereza kama askari, na wakati ule jeshini walikuwako wakubwa wa dini yetu na damu yetu, basi wenzetu walituogopa. Nikiingia kunywa chai, mazungumzo yalikatika. Kiswahili, ambacho mimi nilikulia nacho, kwao kilikuwa lugha ya kizuizi cha barabarani na mtutu wa bunduki. Iliniuma sana, sitakuficha.

Sasa nikueleze jambo ambalo ninyi mliozaliwa juzi hamlijui, maana bila hilo hutaelewa kilichotokea. Siku zile watu walikuwa wanachukuliwa. Gari linasimama, wanashuka vijana wa miwani nyeusi, wanakuita kwa jina lako, kwa adabu kabisa. Kabla hawajakutia garini wanakwambia maneno mawili: toa viatu. Ukishavua, umekwisha. Huendi mahali ambapo mtu anahitaji viatu. Viatu hubaki pale kando ya barabara, na mpita njia mwenye huruma akivitambua huvichukua akavipeleka kwa wenyewe, ili waache kungoja. Hakuna sheria iliyoandikwa juu ya hilo. Lakini Kampala nzima ilijua, hata watoto wakicheza nyumba walijua.

Kiwandani tulikuwa na mkuu wa tanuri, Mganda, tuliyemwita Salongo kwa sababu alikuwa amezaa mapacha. Alikuwa mtu wa utani, mweusi, mikono yote imeungua ungua, na alijua mkate umeiva kwa harufu tu. Mwaka uliotangulia, mdogo wake, karani wa posta, alichukuliwa. Viatu vyake vilionekana kwenye barabara iendayo Jinja, na jirani akavileta kwa mama yao. Bibi kizee yule alivipokea, akavipangusa vumbi, akaviweka chini ya kitanda chake. Hakulia mbele ya watu. Ila tangu siku hiyo Salongo ndiye mwana pekee aliyebaki naye, na kila jioni mama alimngoja mlangoni, na asipomwona hali chakula. Salongo alikuwa anatusimulia haya huku akicheka, kumbe anatuambia kwa nini hataki kazi ya usiku.

Haya. Kapteni alipopata kiwanda, alimleta meneja, Bwana Baguma, kijana aliyetoka kusoma mambo ya viwanda vya chakula Nairobi. Nisimsingizie, mwanangu: alikuwa mtu mwema. Alitusalimu mmoja mmoja, alijua nani mgonjwa na nani amefiwa. Lakini alikuwa amekaa Nairobi muda mrefu, na miaka ile mibaya hakuwa nasi. Basi ikatokea kwamba mchanga ulionekana ndani ya mkate, na kwa bahati mbaya mkate wenyewe ulikwenda mezani kwa Kapteni, mke wake akauma jiwe. Kapteni alikuja akapiga kelele mpaka makopo ya kuokea yakalia. Bwana Baguma akatafuta chanzo, akakipata: tulikuwa tunaingia na viatu vyetu vya njiani, vyenye matope na changarawe, tukikanyaga sakafu ile ile ambayo unga ukimwagika tuliuzoa tukautumia.

Akakata shauri. Hakuna kuingia na viatu vya nje tena. Kila mtu atavaa gambuti nyeupe za mpira ndani ya kiwanda. Ni jambo jema, nani atalikataa? Na gambuti siku zile, mwanangu! Hata sabuni ilikuwa ya magendo, sembuse gambuti. Alihangaika wiki nyingi, akawabembeleza wafanyabiashara wa Kikuubo, kule mjini penye maduka, akazipata. Akazificha ndani ya ghala la unga. Furaha ilimjaa, akaona kwamba akituambia mapema ataiharibu. Alitaka asubuhi ya Jumatatu tuingie tukute viatu vipya vinatungoja, tushangilie. Hakumwambia mtu yeyote, isipokuwa mlinzi wa lango.

Mlinzi alikuwa askari mstaafu tuliyemwita Sajini. Si mtu mbaya, ni mtu wa amri: ukimpa neno analitekeleza, hakuulizi linazaa nini. Bwana Baguma alimwambia kistaarabu kwamba Jumatatu kila anayefika avue viatu nje ya mlango, kisha aingie ghalani mmoja mmoja. Sajini akapiga saluti.

Jumatatu hiyo nilifika na Mama Mastura. Foleni ilikuwa imekwisha kusimama mbele ya mlango wa ghala, na ilikuwa kimya. Nikasikia sauti ya Sajini kabla sijamwona.

"Toa viatu! Weka hapa! Ingia ndani!"

Mwanangu, maneno yale yale mawili. Aliyekuwa mbele kabisa alikuwa Salongo. Ule mlango wa ghala ulikuwa umeegeshwa, ndani giza. Salongo alimtazama Sajini, akautazama mlango, akatutazama sisi nyuma yake. Hakupiga kelele. Alisema tu, polepole:

"Afande, mimi niko na watoto."

"Watoto ya nini? Toa viatu, ingia! Hii ni oda ya meneja."

Salongo akainama akafungua kamba. Alivua kiatu kimoja, akavua cha pili, akavipanga vizuri ukutani. Akavua koti akalikunja akaliweka juu yake. Kisha akafanya alama ya msalaba, akaingia. Nilimwona kwa macho haya. Nimezika mume, nimezika watoto wawili, lakini sijaona tena mtu akienda kufa kwa miguu yake huku amenyoosha mgongo namna ile.

Foleni ikapasuka. Wengine waliruka ukuta, wengine walipita langoni wakikimbia, mwanamke mmoja wa idara ya biskuti aliacha kanga yake kwenye seng'enge. Wamala, kijana wa mashine ya kukandia, jirani wa Salongo huko Bukoto, yeye hakukimbia mara moja. Alirudi mbio, akavinyakua vile viatu na lile koti, akapanda baiskeli ya kupelekea mikate, akatoka. Nilimwona pia. Wala sikuwaza lolote. Nilifikiri anafanya linalopasa, na kwa kweli alikuwa anafanya linalopasa.

Mimi nilibaki pale pale. Sajini akanigeukia, "Na wewe! Toa viatu!" Mama Mastura akanishika mkono, akavua malapa yake, akaniambia kwa Kinubi nivue yangu, na kwamba kama ni kufa tutakufa tumeshikana. Tukaingia.

Ndani, Bwana Baguma alikuwa amesimama kando ya lundo la gambuti nyeupe, meno yote nje. Alikuwa amefunga utepe, mwanangu. Utepe mwekundu kwenye kila jozi! "Karibuni, karibuni," akasema, "leo tunaanza kiwanda kipya!" Na chini, juu ya gunia la unga, ameketi Salongo, amevishwa gambuti, machozi yanamtoka huku anacheka. Meneja aliona ni furaha. Alikuwa anampigapiga begani.

Sijui kama umewahi kuona mtu mwema akiwa mjinga kiasi kile. Nilitaka kumpiga, na nilitaka kumbusu miguu kwa kuwa hakutuua.

Mama Mastura ndiye aliyesema. Hakupaza sauti. "Bwana Meneja, unajua umetufanya nini?"

"Nimewapa viatu, mama."

"Hukutupa viatu. Umetuvua viatu." Akamweleza, pale pale, maneno yale mawili yana maana gani Kampala. Akamweleza juu ya mdogo wake Salongo. "Mdomo ulikuwa nao Ijumaa, tulipokuwa wote hapa tumesimama tunangoja mshahara. Ungesema: ndugu zangu, mkate una mchanga, Jumatatu mtaacha viatu mlangoni nitawapa vingine. Ungepungukiwa nini? Wewe umeona raha ya kutushtukiza. Mtu anayeishi kwa mshtuko kila siku hashtukizwi, hata kwa asali."

Bwana Baguma alikuwa bado ameshika utepe wa jozi ya Salongo. Aliuangusha. Alitoka nje akakuta uwanja mtupu, viatu vimetupwa ovyo, kanga kwenye seng'enge. Akaanza kuita majina kwa sauti, na hapo pia alikosea, maana watu waliojificha nyuma ya ukuta waliposikia wanaitwa majina walizidi kukimbia. Ilibidi Mama Mastura amzibe mdomo kwa kiganja chake. Ndiyo, meneja! Alimziba mdomo, akaenda yeye mwenyewe ukutani kuwaita watu kwa Luganda, taratibu, akionyesha gambuti alizovaa.

Walirudi wachache wachache. Salongo alikwenda kwenye tanuri, maana watu wa usiku walikuwa wameacha mikate ndani, na mwokaji haachi mkate uungue hata akiwa ametoka kaburini. Aliitoa yote. Alipomaliza, akaanza hata kutania kwamba sasa anafanana na bata mzinga. Ndipo akaenda mlangoni kuchukua viatu vyake avipange na vya wenzake.

"Viatu yangu iko wapi?" akauliza. "Na koti yangu?"

Mimi ndimi niliyesema kwamba Wamala alivichukua.

Salongo aligeuka kuitazama barabara. Halafu akasema neno moja tu. "Mama."

Tukaelewa wote kwa pamoja. Nakwambia, hata Sajini alielewa, akavua kofia. Bwana Baguma alikimbilia gari la kupelekea mikate, Salongo akapanda mbele, mimi na Mama Mastura tukajirusha nyuma kwenye vyano vya mikate ya moto. Meneja alikuwa anaendesha kama mwendawazimu, na Salongo anarudia, "Pesi pesi, bwana, pesi pesi." Mbele kidogo tukakuta kizuizi. Askari walitaka kujua tunakwenda wapi kwa haraka hivyo, na kwa nini mtu huyu amevaa viatu vya mpira vyeupe kama daktari wa ng'ombe. Walicheka. Walimshusha, wakamzungusha, wakacheka tena. Mama Mastura akawasalimu kwa lugha yetu na kuwapa mikate, wakatuachia. Lakini muda ulikuwa umekwenda, mwanangu, na baiskeli haisimamishwi na kizuizi.

Tulisikia kilio kabla hatujafika. Watu walikuwa wamejaa uani, wameketi chini, wanawake wamefunga nguo viunoni. Moto wa matanga ulikuwa umekwisha kuwashwa. Wamala alikuwa ameinamia ukuta. Nalongo, mke wa Salongo, alikuwa amegaagaa mpaka uso wote ni vumbi jekundu, na mapacha wawili wamemshika nguo wakilia kwa sababu yeye analia. Gari likasimama. Salongo akashuka, mwili mzima unga, miguuni vile viatu vyeupe. Nalongo akainua uso akamwona.

"Muzimu!" alipiga ukelele, akarudi nyuma kwa makalio, akiwakumbatia wanawe. "Muzimu!"

Watu walisambaa. Ilichukua muda kwa mzee mmoja wa ukoo kupata ujasiri wa kumgusa mkono. Alipomgusa akakuta ni nyama na joto, akaanza kucheka, na watu wote wakaanza kucheka na kulia, wakampapasa, wakampiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele palepale penye matanga. Mimi mwenyewe nilipiga kigelegele. Mungu anisamehe, nilidhani tumewahi.

Salongo alikuwa anauliza, "Mama iko wapi?"

Wamala ndiye aliyeeleza, akigugumiza. Alipofika na viatu alimkuta bibi kizee mlangoni. Hakuhitaji kumwambia kitu. Bibi alinyoosha mikono akavipokea, akavipangusa kwa ncha ya vazi lake la gomesi kama alivyofanya kwa vile vya kwanza, akamwambia ahsante mwanangu kwa kuvileta. Kisha akasema anaingia kulala kidogo. Wakamwacha apumzike, wakasema amlilie mwanawe peke yake.

Salongo aliingia mbio. Tukamsikia akiita, "Maama, nzuuno! Maama, nzuuno!" Ndiyo kusema, mama, mimi huyu, nipo. Aliita tena. Akaita tena. Wale waliokuwa wanapiga vigelegele walinyamaza mmoja mmoja. Nilisogea mlangoni na nikaona. Bibi alikuwa amelala ubavu, viatu vya Salongo amevikumbatia kifuani, na alikuwa amekwisha kupoa.

Nishike mkono, mwanangu. Hapa huwa nasimama kidogo.

Hakuna aliyemuua, unaelewa? Ndilo linalonishtua mpaka leo. Siku zile tulikuwa tumezoea kifo chenye mwenyewe: huyu kapigwa risasi, yule kachukuliwa. Hiki kilikuja na utepe mwekundu. Hakuna aliyetaka ubaya. Meneja alitaka kutufurahisha, Sajini alitii, Wamala alitenda utu. Na bibi wa watu akalala chini kwa sababu neno moja jepesi, ambalo lingesemwa Ijumaa mbele ya watu wote, lilibaki ndani ya kinywa cha mtu.

Bwana Baguma aliketi chini kwenye vumbi pale uani. Nilifikiri watampiga mawe. Wazee wa ukoo walinong'ona, vijana wakamzunguka. Salongo akatoka ndani. Akachuchumaa mbele ya meneja wakawa uso kwa uso. Nilikuwa karibu, nilisikia.

"Bwana Meneja," akasema, "jana ulikuwa na mdomo. Juzi pia ulikuwa nao. Kweri, kwa nini haukutwambia?"

Na wewe ukiulizwa hivyo, je, unalo jibu? Kwamba ulitaka wafurahi? Lile neno "nilitaka mfurahi" hata Bwana Baguma aliona aibu kulitamka mbele ya maiti.

Kapteni alipopelekewa habari alicheka. Akasema wafanyakazi waoga hao, kisha akauliza kama mikate ya siku hiyo ilitoka. Basi.

Lakini Bwana Baguma alikaa matanga yote. Alichota maji, alipasua kuni, alilala chini na waombolezaji, na Salongo hakumfukuza wala hakumsemesha. Aliporudi kazini alikuwa mtu mwingine. Sikiliza sasa, maana hapa ndipo penye dawa.

Haukupita muda mrefu, unga wa ngano ukaadimika nchi nzima. Ilibidi tuchanganye na wa muhogo, na ilibidi zamu zipunguzwe, yaani kila mtu apate siku chache za kazi kuliko zamani. Habari mbaya kabisa, si kama gambuti. Safari hii alituita wote, mlinzi na mfagiaji pia, tukazunguka meza ya kukandia. Alikuja bila karatasi mkononi. Akasema: unga umekwisha, nimekwenda hapa na pale, nimeukosa. Akatuambia nini kitabadilika na kuanzia lini. Akatuambia nini hakitabadilika: hakuna atakayefukuzwa, na mkate wa kupeleka nyumbani utabaki. Halafu akasema jambo ambalo sijawahi kumsikia mkubwa mwingine akilisema. Akasema, "Hali hii itadumu muda gani, sijui. Nikijua, nitawaambia siku hiyo hiyo, hata kama ni baya."

Kisha akanyamaza. Tulidhani amemaliza, tukataka kwenda, akatuomba tukae. Alikuwa anangoja maswali. Alingoja kimya kirefu cha aibu, kile ambacho wakubwa wengi hawakiwezi, mpaka Mama Mastura akauliza la kwanza, na baada ya hapo yakamwagika. Mengine yalikuwa ya kipumbavu. Mtu mmoja aliuliza kama mkate wa muhogo unaharibu nguvu za kiume. Alilijibu nalo, kwa heshima. Kuuliza si ujinga, na anayejibu swali la kipumbavu leo ataulizwa la maana kesho. Siku ya pili akapita tena kila meza, akarudia yale yale, kwa sababu mtu akiwa na hofu masikio yake huziba, neno la kwanza hupita nje. Na alipokuja mwokaji wa kutuonyesha kuchanganya muhogo, wa kwanza kuingiza mikono kwenye kinyunga alikuwa meneja.

Hakuna aliyekimbia, mwanangu. Tulinung'unika, tulimsema, tulikula kidogo, lakini tulikuwa tunajua. Na Salongo, ambaye hakuwa amemwelekezea neno tangu msiba, siku hiyo alimwambia, "Ahsante, bwana," akaenda kwenye tanuri lake.

Basi, nimekufikisha. Watu wa kale walituonya sana juu ya ulimi unaojikwaa. Walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nakuonya juu ya ulimi uliolala. Ukimya wa mkubwa haukai mtupu. Mdogo ataujaza kwa kile anachokiogopa zaidi, na wewe hujui wanaogopa nini, maana hukulala nyumbani kwao. Huenda yuko mmoja pale ofisini kwako aliyewahi kupakiwa kwenye gari na kampuni akashushwa hana kazi. Yuko aliyekimbia Kongo, akisikia "beba vitu vyako tuondoke" moyo wake unarudi kwenye barabara ile. Yuko mama anayemchukua mtoto shule karibu na Nakasero, na Bukoto kwake ni mtihani. Utajuaje usipowauliza? Na utawauliza vipi kama hawajui kuna la kuulizwa?

Usimtume mlinzi, mwanangu. Wala usimtume karani, wala hiyo simu yako. Jambo la mtu mzima husemwa na mwenye jambo, amesimama, wanamwona macho. Waambie kwa nini. Waambie nini kinabaki palepale, kwa sababu mtu akihama hutaka kwanza kujua atashika wapi. Usilolijua, sema hulijui, haitakupunguzia ukubwa. Ngoja maswali mpaka uchoke kungoja. Likiwa jema liseme mapema, na likiwa baya liseme mapema zaidi. Ukitaka kuwapa zawadi, wape kwanza habari yake.

Sasa inuka. Mwisho wa mwezi ni mbali, lakini kesho asubuhi iko karibu, na wote watakuwa pale. Mungu wa baba zako na wa mama zako akuongoze, akupe kinywa kinachofika kabla ya mkono wako. Awafanye watu walio chini yako walale usiku bila kukukisia. Na mama zao, popote walipo wakiwangoja mlangoni, wawaone wakirudi.